Njia za kinga: historia ya vijia vya porini vinavyolisha Lubumbashi

Kila siku, kabla jua halijatoka, makala yanaingia Lubumbashi kwa baiskeli. Yanaingia kwa barabara ya Kasenga, ya Likasi, ya Kipushi na ya Kasumbalesa. Mwanaume mmoja anasukuma, mifuko mitatu au minne imefungwa nyuma na katikati ya baiskeli, na mara nyingi yeye mwenyewe haonekani nyuma ya mzigo. Wamama wa Katuba, Kenya na Ruashi wananunua, wanapima katika vifuko vidogo, na jioni bukari inaiva.

Lakini hizo barabara kubwa ni mwisho tu wa safari. Mwanzo wake uko porini, kwenye vijia vyembamba ambavyo ramani nyingi hazivionyeshi. Vinapita kati ya miti ya miombo, vinazunguka vichuguu, vinashuka kwenye mabonde yenye majani marefu, tena vinapanda. Kuelekea kaskazini, upande wa Kundelungu, Mitumba na Kibara, vinakuwa njia za milima kabisa.

Lubumbashi baiskeli inaitwa kinga, na ndugu zetu wanaosema Kibemba wanaita incinga. Njia ya kinga ni neno ambalo kila mchoma makala analielewa. Ni njia isiyoweza kupitisha gari, na ambayo mtu mwenye mzigo wa kichwani peke yake ingemchukua siku nyingi mno.

Njia hizi zina historia ndefu kuliko baiskeli yenyewe. Na kwa jamaa nyingi zilizokimbia vita huko Mitwaba, Pweto na Manono, ndizo zilizookoa maisha. Ndiyo sababu inafaa kujua zilitoka wapi, na ni nini kinachozitishia leo.

Kwanza ilikuwa miguu

Watu wa Katanga walichimba na kuyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Misalaba midogo ya shaba imekutwa katika makaburi ya zamani kwenye bonde la Upemba. Ilitumika katika biashara na katika mali ya ndoa. Shaba ilihitaji njia. Chumvi ya Mwashya, karibu na mto Lufira, ilihitaji njia. Samaki wa Luapula na wa maziwa ya Upemba nao walihitaji njia.

Katikati ya karne ya 19 alifika Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Alijenga ufalme wake wa Garenganze na mji mkuu wake Bunkeya, katika bonde la Lufira. Kutoka Bunkeya misafara ilienda mashariki hadi pwani ya Bahari ya Hindi, na magharibi hadi Benguela, Angola. Pembe za ndovu, shaba na chumvi zilitoka. Bunduki, baruti, vitambaa na shanga ziliingia. Na tusifiche: katika njia hizo hizo walipita pia watumwa wamefungwa.

Mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya mwaka 1886 kwa njia ya magharibi. Tarehe 20 Desemba 1891, Msiri aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya mfalme Léopold II wa Ubelgiji. Ufalme ulivunjika. Njia zilibaki.

Mtu aliyebeba mzigo mzito hachagui njia kwa bahati. Anapita juu ya mgongo wa ardhi, pale maji yanapogawanyika, ili asivuke mito mingi. Anakwepa bonde la matope wakati wa mvua. Anazunguka kichuguu badala ya kukipanda, na katika pori la Lubumbashi kichuguu kimoja kinaweza kuwa kirefu kama nyumba. Ndiyo sababu kijia cha porini hakinyooki. Anayekiona mara ya kwanza anafikiri kimepotea, kumbe kila kona ina sababu. Magurudumu yalipokuja baadaye, yalikuta kazi hiyo ya kufikiri imekwisha kufanywa na miguu.

Mashua zilizovuka mlima

Mwaka 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, milima ya Mitumba iliona mzigo wa ajabu. Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani ziwa Tanganyika. Walileta mashua mbili ndogo za mashini, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Cape Town kwa meli, kisha kwa gari moshi hadi Fungurume. Pale reli iliishia.

Mbele yao ulikuwa mlima na pori. Ilibidi njia ifunguliwe. Miti ilikatwa, madaraja ya magogo yakajengwa, na mashua zikavutwa kwa mashini za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu hadi Sankisia. Kutoka pale zilikwenda Bukama kwa reli, zikashuka mto Lualaba hadi Kabalo, na mwisho zikapanda reli nyingine kwenda ziwani. Tarehe 26 Desemba mwaka huo, mashua hizo ziliteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani.

Vitabu vinakumbuka jina la mkubwa wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson. Mamia ya Wakongo waliokata miti na kuvuta kamba hawakuandikwa majina.

Njia ile ilifunguliwa kwa ajili ya mzigo mmoja, na ulipopita, kazi yake iliisha. Vijia vya wanavijiji vilidumu kwa sababu nyingine kabisa. Vilipitwa kila siku na watu waliokuwa na haja ya kupita. Hakuna mlinzi wa njia anayezidi nyayo.

Mpira ulioumiza, gurudumu lililorudi

Baiskeli na Kongo wana hesabu ya zamani kati yao, na hesabu hiyo inauma.

Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa gurudumu la mpira lenye hewa ndani. Alianza na baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Kabla ya hapo, kupanda baiskeli kulitikisa mifupa. Baada ya hapo, Ulaya na Marekani zote zilitaka baiskeli. Baadaye kidogo magari nayo yakaja. Dunia ikahitaji mpira kwa wingi.

Mpira ulikuwa katika mimea ya porini ya Kongo, na Kongo tangu 1885 ilikuwa mikononi mwa Léopold II, kama mali yake mwenyewe. Watu walilazimishwa kuingia porini kukusanya utomvu. Wanawake walishikwa rehani mpaka waume warudi na kilo zilizotakiwa. Vijiji vilichomwa, mikono ikakatwa. Mateso makubwa zaidi yalikuwa katika misitu ya mvua ya Équateur na jirani zake, lakini Katanga nayo haikuachwa. Kelele za dunia zilimlazimisha mfalme kuachia nchi, na mwaka 1908 Kongo ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji.

Kwa hiyo kabla Mkongo wa kijijini hajapanda baiskeli, baiskeli ilikuwa imekwisha kumpanda yeye. Ilipowafikia wajukuu wa wale waliokusanya utomvu, haikuwa zawadi. Waliinunua kwa jasho lao.

Kinga ya mshahara

Kampani ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika mahali pa Élisabethville mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa, na mwaka uliofuata tanuru la shaba likawashwa kando ya mto Lubumbashi. Kutoka mwisho wa miaka ya 1920 kampani ilianza kuwatuliza wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao katika makambi. Watu walitoka Kasai, Lomami, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya karibu.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, baiskeli ilikuwa kati ya vitu ambavyo mfanyakazi alitamani sana kununua, pamoja na cherehani ya mke na gramafoni. Ilionyesha kwamba kazi inamwendea vizuri. Ilimpeleka kazini, na Jumapili ilimpeleka kanisani au kutazama mpira.

Lakini pia ilimrudisha kijijini. Mfanyakazi aliyekwenda likizo, au aliyemaliza mkataba, alirudi na kinga yake. Hapo ndipo gurudumu lilipoingia katika vijia vya miguu. Kijia kilichotosha unyayo mmoja nyuma ya mwingine kilitosha pia gurudumu moja nyuma ya lingine. Hakukuwa na haja ya kupanua chochote. Gari lilidai daraja, mitaro na tingatinga. Kinga ilidai tu mtu akate tawi lililoanguka.

Vijiji vikaanza kuuza mbali zaidi. Muhogo, mahindi, asali, uyoga wa miombo wakati wa mvua, viwavi wa kula, samaki mkavu. Huko Kasenga, kando ya Luapula, wafanyabiashara Wagriki walikuwa wamejenga biashara kubwa ya samaki wa kulisha wafanyakazi wa migodi, na malori yao yalitumia barabara. Lakini mvuvi wa kijiji cha mbali, asiye na lori, alikuwa na kijia.

Umeme juu, makala chini

Mtu mgeni anaweza kushangaa: inawezekanaje mji wa shaba, wenye mitambo mikubwa ya umeme, upike kwa makala?

Mtambo wa Mwadingusha kwenye mto Lufira ulianza kazi mwaka 1930, na boma lake ndilo lililozaa ziwa Tshangalele. Baadaye ulifuata wa Koni, na kwenye Lualaba ile ya Nzilo na Nseke katika miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilimalizika laini ya Inga-Shaba, karibu kilometa 1,700, kuleta umeme kutoka Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi. Nyaya zake zinapita juu ya vijiji vingi ambavyo havijawahi kuwasha taa.

Jibu ni kwamba umeme huo ulitengenezwa kwa ajili ya migodi. Ulitangulia kwenye matanuru, kisha nyumba za wakubwa, kisha makambi. Mitaa iliyoongezeka baadaye, pembezoni mwa mji, ilipata kidogo au haikupata. Na hata panapofika waya, umeme unakatika, na sufuria haiwezi kungoja.

Kwa hiyo pori ndilo likawa mtambo wa umeme wa maskini. Na waya wake ni njia ya kinga.

Kinga inakuwa lori

Mpaka miaka ya 1980, Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Ililipa mishahara, posho ya unga, hospitali na masomo. Kisha nyumba ikaanguka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ulibomoka. Mwaka 1991 askari na raia walipora miji. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Likasi, Kolwezi na kwingineko. Maelfu walilala siku na siku kwenye stesheni wakingoja gari moshi, na wengi walifia pale na njiani. Kufikia 1994 Gécamines ilikuwa inatoa kama tani 30,000 tu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari.

Mtu aliyepoteza mshahara alikuwa na nini? Alikuwa na mikono, shoka, na mara nyingi ile kinga ya zamani. Wengi wakaingia porini.

Kazi ya makala ni ngumu, na anayeinunua sokoni mara nyingi haijui. Mchomaji anakata miti kama muputu, musamba na mutondo. Anaikata vipande, anavipanga kama nyumba ndogo, anafunika kwa majani na udongo, anawasha, kisha analinda siku na usiku. Moto ukipata hewa nyingi, kila kitu kinakuwa majivu. Ukikosa hewa, unazimika. Kwa namna hii ya zamani, tani moja ya makala inakula kati ya tani 5 na 10 za mti.

Halafu inakuja njia. Baiskeli ya makala si baiskeli ya kawaida tena. Inaongezewa vyuma kwenye fremu na kwenye kikalio cha nyuma. Fimbo imara inafungwa kwenye usukani ili msukumaji aweze kuongoza akiwa pembeni, na nyingine nyuma ya kiti ili asukume. Kwenye mlima anasukuma, pengine na mwenzake nyuma. Kwenye mteremko kazi inageuka: sasa anauzuia mzigo usimkimbie, kwa freni, kwa kiatu, kwa mwili wake wote. Ajali nyingi hutokea kwenye mteremko, si kwenye mlima.

Kijia chenyewe kina sheria zake, ambazo hazikuandikwa popote. Mwenye mzigo anapishwa na asiye na mzigo. Anayeshuka anapiga kelele kabla ya kona. Aliyetoboka tairi hapitwi bila kuulizwa kama ana gundi. Mahali pa kupumzikia ni pale pale, chini ya mti ule ule, karibu na maji. Wasukumaji wa leo wanakaa pale walipokaa wapagazi wa zamani, na wengi hawajui hivyo.

Wenzao wa mbali

Watu wa Katanga si peke yao katika kazi hii. Huko Kasai, wasukuma-baiskeli wanatembea siku nyingi na mahindi, chumvi na mafuta. Goma wana chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayoteremka kutoka milimani na viazi, kabichi na kuni. Mwaka 2009 mji wa Goma ulimwekea mtu wa chukudu sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu. Lubumbashi bado haijamwekea mtu wa makala hata jiwe.

Huko Vietnam, mwaka 1954, maelfu ya baiskeli zilibeba mchele na risasi kwa vijia vya milimani hadi Dien Bien Phu, ambako jeshi la Ufaransa lilishindwa. Nao walifunga fimbo kwenye usukani na nyingine kwenye kiti, kama wanavyofanya watu wa barabara ya Kasenga. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Mzigo na mlima ndivyo vilivyofundisha.

Marekani mambo yalienda kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1970, vijana wa kaunti ya Marin, California, walichukua baiskeli nzito za zamani, wakazipandisha mlima Tamalpais na kushuka nazo kwa kasi kwa ajili ya raha. Mashindano yao maarufu ya kushuka yalianza mwaka 1976. Watu kama Joe Breeze, Gary Fisher na Tom Ritchey wakaanza kutengeneza baiskeli maalum za milima, na kufikia 1996 mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya Atlanta. Leo katika nchi tajiri kuna misitu yenye vijia vilivyochorwa kwa ajili ya baiskeli tu, vyenye alama, ramani na watu wanaolipwa kuvitengeneza.

Tom Ritchey huyo huyo alifika Rwanda mwaka 2005, akaona wakulima wakibeba kahawa kwa baiskeli za mbao milimani. Mwaka 2006 yalifanyika huko mashindano ambamo baiskeli za mbao nazo zilikimbia. Na jirani zetu Wazambia wanajua vizuri baiskeli ngumu za chuma ziitwazo Buffalo, zilizoletwa na shirika la World Bicycle Relief, lililozaliwa mwaka 2005 kutoka kwa watu wa kiwanda cha vipuri vya baiskeli. Hivyo raha ya matajiri na jasho la maskini vilikutana kwenye kitu kimoja: gurudumu linalofaa kwa njia mbaya.

Njia ya kukimbilia

Kuna sura moja ya historia hii ambayo wahami wanaijua kuliko mwandishi yeyote.

Mwezi wa Desemba 2000, Pweto ilianguka mikononi mwa waasi wa RCD na jeshi la Rwanda. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Zambia, na wengi waliishi miaka katika kambi za Mwange na Kala. Vita ilipotangazwa kuisha, pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto ilibaki na Maï-Maï, na watu wakaiita pembetatu ya mauti. Mwishoni mwa 2005, operesheni za jeshi dhidi ya Maï-Maï ziliwafukuza watu tena, na Dubie ikajaa wahami. Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha Mitwaba mwaka 2006, akahukumiwa kifo mwaka 2009, akatoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi, mwaka 2011. Moto ukawaka upya. Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga waliingia hadi ndani ya mji wa Lubumbashi. Mwaka huo idadi ya wahami katika Katanga ilifika karibu watu 400,000.

Katika miaka hiyo yote, barabara kubwa ilikuwa hatari. Barabarani kulikuwa na askari, na kulikuwa na vizuizi. Kila mwenye bunduki, wa upande wowote, aliijua barabara. Kijia kilijulikana na wenyeji. Jamaa zilipita huko. Bibi mzee au mama mjamzito aliketishwa kwenye kinga, na mtoto mbele. Sufuria, jembe, blanketi na mbegu vilifungwa nyuma. Baba au kijana mkubwa alisukuma. Aliyekuwa na kinga aliweza kuokoa mgonjwa. Asiyekuwa nayo alilazimika kuchagua kati ya kubeba chakula na kubeba mtu.

Ndiyo sababu pia waporaji walianza na baiskeli. Kumnyang'anya mtu wa kijiji kinga yake ni kumnyang'anya lori, gari la wagonjwa na benki kwa mara moja. Na kumlazimisha kusukuma vitu vilivyoporwa katika kijiji chake mwenyewe ni adhabu ambayo watu wengi wa pembetatu ile wanaikumbuka.

Wengi wa wale waliofika pembezoni mwa Lubumbashi bila shamba waliingia katika kazi gani? Waliingia katika makala. Mhami aliyekimbia kwa kijia kimoja akaanza kuishi kwa kijia kingine.

Njia inarefuka, pori linafupika

Mzee aliyeanza kazi ya makala zamani anakumbuka akichoma karibu na mji. Leo mwanawe anakwenda mbali zaidi, na mara nyingi analala porini. Miombo ina nguvu: kisiki kikiachwa kinachipuka tena, na baada ya miaka mingi mti unarudi. Lakini hauachwi. Baada ya makala yanakuja mashamba, baada ya mashamba yanakuja matofali, ambayo yanatengenezwa kwa udongo wa vichuguu na kuchomwa kwa miti iliyobaki. Kila kilometa inayoongezeka kwenye njia ni bei inayoongezeka sokoni, na maumivu yanayoongezeka mgongoni mwa msukumaji.

Upande mwingine kuna migodi. Tangu sheria ya migodi ya mwaka 2002, kampani nyingi zilipata vipande vikubwa vya ardhi katika Haut-Katanga na Lualaba. Kampani inapojenga ukuta au kuweka walinzi, haioni njia pale. Inaona majani. Kijia kilichopitwa kwa vizazi vitano kinafungwa kwa siku moja, na kijiji kinalazimika kuzunguka.

Na upande wa tatu kuna kimya. Huko kaskazini, vijiji vilivyoachwa wakati wa vita viliacha pia vijia vyake. Misimu michache ya mvua inatosha. Majani yanapanda juu ya kichwa, mti unaanguka, daraja la magogo linaoza. Jamaa iliyokaa miaka kumi Lubumbashi inaporudi, inakuta kijiji kiko, lakini njia ya kwenda kwenye shamba, kwenye maji na kwa jirani imekufa. Vijana waliozaliwa mjini hawaijui. Anayeijua ni bibi, na bibi anazeeka.

Hapa ndipo historia inapokuwa kazi ya leo. Sheria ya misitu ya 2002 na amri ya serikali ya 2014 zinaruhusu jamii ya kijiji kuomba msitu wake wenyewe, hadi hekta 50,000, na kuutunza kwa mpango wake. Ili kuomba, kijiji kinapaswa kuonyesha mipaka na matumizi ya pori lake kwenye ramani. Na ramani hiyo inaanzia wapi kama si kwenye vijia? Njia ya uyoga, njia ya asali, njia ya makaburi ya wazee, njia ya kwenda sokoni. Mahali penye njia, watu wamepita. Mahali watu wamepita, hakuna anayeweza kusema ardhi ni tupu.

Kwa hiyo jamaa zinazojiandaa kurudi, na zile ambazo bado zinangoja, zina kazi moja isiyohitaji franka. Kaeni na wazee. Waulizeni njia zilipita wapi, mto uliitwaje, mti wa kupumzikia ulikuwa upi, mteremko mbaya uko wapi. Mtoto anayejua kuandika aandike, anayejua kuchora achore. Karatasi hiyo siku moja inaweza kuwekwa mezani mbele ya chifu, mbele ya kampani au mbele ya hakimu.

Na pale njia bado ipo, ipiteni. Kinga moja ikipita kila juma, majani hayatapata nafasi.